Kura yako haipigwi madhabahuni

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa matawi ya jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria. – Mhariri)

Ndugu zangu vijana,

Waislamu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa upande huo. Msiokwenda kanisani wala msikitini, hamjambo. Nimesalimia hivyo makusudi, maana leo tunazungumza habari ya dini na kura, na watu wote hao wamo humu ndani.

Swali nililoletewa ni hili: je, askofu, mchungaji, padri au shekhe ana haki ya kusimama mbele ya waumini akawaambia wampigie kura fulani? Na kama hana, nani kamkataza? Kijiweni mnalijibu swali hili kila siku, tena kwa kelele. Mmoja anasema dini na siasa ni mafuta na maji. Mwenzake anasema nabii wake ameshaoneshwa mshindi, kwa hiyo kubishana ni kubishana na Mungu. Wa tatu anakunywa kahawa yake, anasema wote wezi tu. Leo tulijibu kwa sheria na kwa mambo yaliyotokea.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Kiongozi wa dini ni raia. Ana shahada ya kupigia kura kama wewe, na sukari ananunua kwa bei ile ile unayonunua wewe. Akiona uonevu ana haki ya kuusema, na mimi nasema ana wajibu. Lakini siku anapochukua pepo na moto akavifunga kwenye jina la mgombea, amevuka mpaka. Siku anapopokea bahasha ya mgombea akailipa kwa mahubiri, amevuka mpaka. Na siku serikali inapojifanya mlinzi wa mpaka huo ili imzibe mdomo anayeikosoa, serikali nayo imevuka. Hofu, fedha na rungu. Shikeni hayo matatu, mengine yote ni maelezo.

KUSEMA UOVU SI KUPIGA KAMPENI

Tuanze na majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Malawi ya mwaka 1992 ilikuwa mikononi mwa Kamuzu Banda, Rais wa Maisha. Chama kilikuwa kimoja. Usipokuwa na kadi yake, kuingia sokoni au kupanda basi ilikuwa matatizo. Kumsema Rais ilikuwa ni kujitafutia jela, au kaburi.

Mwezi Machi mwaka huo maaskofu Wakatoliki wa nchi ile wakaandika waraka wa Kwaresima, ukasomwa makanisani. Ulisema nini? Ulisema wachache wanatajirika na wengi wanadidimia. Ulisema shule na hospitali hazitoshi wala hazitoi huduma kwa haki. Ulisema watu wanaogopa kusema ukweli. Basi. Haukutaja mgombea, kwa kuwa wagombea wenyewe hawakuwapo. Haukutaja chama, kwa kuwa cha pili kilikuwa marufuku. Pamoja na hayo serikali ilitetemeka. Maaskofu wakahojiwa na polisi, na waraka ukatangazwa kuwa ni maandishi ya uchochezi.

Lakini neno lilikwisha kutoka. Juni 1993 wananchi wa Malawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi. Mei 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi, na aliyemshinda ni Bakili Muluzi. Sasa sikilizeni vizuri: Muluzi ni Mwislamu. Waraka wa maaskofu Wakatoliki ulifungua mlango, na katika nchi yenye Wakristo wengi aliyeingia Ikulu akawa Mwislamu. Kama ule ungekuwa waraka wa kumpigia mtu debe, mambo yasingekwenda hivyo. Maaskofu wale waliwafumbua watu macho, halafu wakawaachia kura zao.

Kwa hiyo yule anayesema kiongozi wa dini anyamaze kabisa, aseme habari za mbinguni tu, huyo anatetea kiti cha mtu. Mfungwa anayeonewa, kijana anayetekwa, mama anayejifungulia sakafuni, hayo si mambo ya chama. Padri akiyasema anafanya kazi yake.

MPAKA WA KWANZA: HOFU

Sasa twende upande wa pili, kwa kasisi anayevuka. Mifano mizuri iko Ireland, enzi ikitawaliwa na Uingereza.

Mapema mwaka 1872 kulikuwa na uchaguzi mdogo jimbo la Galway. Wagombea walikuwa Kapteni John Philip Nolan na Kapteni William Le Poer Trench. Mapadri walisimama na Nolan, akashinda kwa mbali. Kesi ikafunguliwa, ikamwangukia Jaji William Keogh, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Jaji akasikiliza mashahidi, akaona makasisi walitumia vitisho vya dini kuwasukuma wapiga kura. Akafuta ushindi. Watu walimkasirikia mpaka wakachoma sanamu zake barabarani.

Na kumbukeni, katika uchaguzi ule mtu alitamka hadharani anayemchagua. Mwenye shamba anakutazama, padri anakutazama, na jioni kila mmoja anajua ulikwenda wapi. Julai ya mwaka ule ule wa 1872 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kura ya siri. Kile kijumba cha turubai unachoingia peke yako siku ya uchaguzi hakikuletwa kwa mapambo. Kilitafutwa ili mkubwa wa shamba, bosi wa kazini, polisi na kasisi wote wabaki nje.

Miaka 20 baadaye, 1892, mambo yakarudi katika majimbo mawili ya Meath, huko huko Ireland. Askofu Thomas Nulty aliandika waraka ukasomwa makanisani kabla ya uchaguzi. Kwa ufupi ulisema kwamba mtu hawezi kuwa wa kundi la mwanasiasa Parnell akabaki Mkatoliki wa kweli. Parnell mwenyewe alikwisha kufa, lakini wafuasi wake waligombea. Mahakama ikafuta matokeo ya majimbo yote mawili. Mmoja wa waliopoteza kiti ni Michael Davitt, mtu mwenye heshima kubwa kwa kutetea wakulima wasio na ardhi. Alikuwa mgombea mzuri, akapoteza kiti chake kwa sababu ya askofu aliyedhani anamsaidia.

Msidhani hayo ni ya kale tu, wala msidhani ni ya Wakristo tu. Mei 2014 mtaa wa Tower Hamlets, mashariki ya London, ulimchagua Lutfur Rahman kuwa meya. Kabla ya uchaguzi maimamu na wanazuoni 101 walitia sahihi barua iliyochapwa kwenye gazeti la Kibengali, wakiwaelekeza Waislamu kwamba kumpigia ni wajibu. Wapiga kura wanne wakaenda mahakamani. Aprili 2015 ushindi ukafutwa kwa makosa kadhaa, na mojawapo lilikuwa hilo la kuwashinikiza watu kwa dini. Rahman alizuiwa kugombea miaka mitano. Mwaka 2022 alirudi, akaomba kura, akashinda umeya tena.

Kenya wameliandika jambo hili katika sheria yao. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kuwa ni kosa kumtishia mpiga kura kwa madhara ya mwili, ya mali au ya kiroho. Ya kiroho, ndugu zangu. Maana yake ni kwamba kumwambia mtu utalaaniwa, utafukuzwa kwenye jumuiya, hutazikwa, mtoto wako hatabatizwa, ili tu apige kura unavyotaka, ni sawa na kumwonesha panga.

Kwa nini sheria ikali kiasi hicho? Kwa sababu ahadi ya mwanasiasa unaweza kuipima. Kasema ataleta maji, miaka mitano imepita, bomba liko wapi? Lakini vitisho vya moto utavipimaje? Huwezi kwenda kuzimu ukarudi na ripoti. Mtu anayekutisha kwa kitu usichoweza kukihakiki amekunyang'anya akili yako, na kura isiyo na akili ya mwenyewe si kura.

MPAKA WA PILI: FEDHA

Marekani wameuweka mpaka wao mahali pengine, kwenye fedha. Mwaka 1954 Seneta wa Texas, Lyndon Johnson, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Rais, alipeleka bungeni kifungu kifupi cha sheria ya kodi. Hakuwa akiyalenga makanisa. Alikuwa na ugomvi na vikundi vilivyojiita vya elimu na hisani, huku vikimwaga karatasi za kumpinga. Kifungu kilisema jumuiya ya hisani iliyosamehewa kodi isishiriki kampeni ya kumuunga mkono wala kumpinga mgombea yeyote. Makanisa nayo yako katika kundi hilo la msamaha, kwa hiyo yakaingia wavuni.

Angalieni ujanja wa sheria hiyo. Haisemi mchungaji akamatwe. Inasema hivi: kanisa halilipi kodi ya mapato, na anayelichangia anapunguziwa kodi yake. Serikali imekubali kukosa fedha hizo kwa ajili ya ibada na kusaidia maskini. Ukizigeuza kuwa fedha za kampeni, maana yake mgombea wako anapigiwa debe kwa gharama ya walipa kodi wote, pamoja na wale wasiomtaka. Ukitaka kampeni, fanya, lakini kwanza toka kwenye kivuli cha msamaha.

Kuna kanisa moja lilijaribu. Tarehe 30 Oktoba 1992, siku nne kabla ya uchaguzi wa Rais, Church at Pierce Creek la karibu na Binghamton, jimbo la New York, lilinunua kurasa nzima katika magazeti ya USA Today na Washington Times kuwaonya Wakristo wasimchague Bill Clinton. Chini ya tangazo likaomba michango, likasema mchango unapunguziwa kodi! Mwaka 1995 Idara ya Kodi ikalifutia msamaha. Kanisa likashitaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa mjini Washington ikasema idara ilikuwa sahihi, uhuru wa dini haukuvunjwa, kwa sababu kanisa lingeweza kuunda chombo kingine tofauti cha siasa kwa fedha zisizo na msamaha.

Lakini tusiwapambe. Sheria hiyo kwa miaka mingi ililala. Wachungaji wakaanza hata kuikejeli: mwaka 2008 zaidi ya 30 walipanga Jumapili moja wakahubiri siasa makusudi, wapate kesi. Julai 2025 Idara ya Kodi yenyewe, katika kesi iliyofunguliwa Texas na umoja wa watangazaji wa dini pamoja na makanisa mawili, iliungana na walalamikaji kusema kwamba mchungaji akizungumza na waumini wake ibadani juu ya uchaguzi, hayo yasihesabiwe kampeni. Wapo walioshangilia kuwa mimbari imekuwa huru. Mimi nauliza: mwenye fedha zake akitaka kumnunua mgombea, sasa atapita wapi? Kama sadaka inapunguziwa kodi na mahubiri hayaulizwi, njia ya mkato umeshaiona.

Na sisi huku tusicheke. Kwetu msamaha wa kodi si hadithi kubwa. Kwetu ni mabati, saruji, vyombo vya muziki vya kwaya, na bahasha ya kaki inayofunguliwa mbele ya waumini huku kamera za televisheni zinawaka. Mwaka 2000 Bunge letu liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Pilau ikawa halali, kanga ikawa halali. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikasema hapana, hiyo ni rushwa iliyovalishwa kanzu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria imeandikwa. Lakini ni lini mara ya mwisho umesikia mabati ya kanisa au zulia la msikiti yamepelekwa mahakamani?

Kenya wanajaribu. Sheria yao ya Uchaguzi ya mwaka 2011 ilikataza mgombea kushiriki harambee ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwaambia wanasiasa kwamba hawatapewa tena mimbari. Alisema hayo kwenye ibada ya kumsimika Askofu Rose Okeno kule Butere, na Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwapo. Walikaa na waumini wengine, wakasikiliza neno. Tena Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto jijini humo: shilingi milioni 2 za nyumba ya padri, na shilingi laki 6 za kwaya na watoto. Ahadi ya milioni 3 nyingine pamoja na basi ikakataliwa. Hakuna jaji aliyewalazimisha. Walijua kwamba anayekula cha mtu hawezi kumwangalia usoni.

SHERIA YA KWETU INASEMAJE

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali haichagui askofu. Ibara ya 20 inazuia chama cha siasa kuandikishwa kama lengo lake ni kuendeleza maslahi ya dini fulani, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ikarudia hilo hilo. Askofu naye hana chama chake.

Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, ambayo ndiyo ilitumika katika chaguzi zote za vyama vingi kuanzia 1995 hadi 2020, ilikuwa na kifungu chenye meno. Mgombea akitamka, au akiruhusu atamkiwe, maneno ya kutumia tofauti za dini, kabila au rangi ili apate kura, ushindi wake unaweza kufutwa na mahakama. Angalieni maneno hayo: au akiruhusu atamkiwe. Hawezi kukaa kimya kwenye benchi la mbele huku shekhe au mchungaji akimchafua mpinzani kwa dini yake, halafu aseme mimi sikusema.

Hayakatazi padri kukemea wizi. Hayakatazi imamu kuuliza mtoto wa watu kapelekwa wapi. Mpaka uko kwenye kugawa watu kwa dini, si kwenye kusema kweli. Hapo ndipo vigogo wetu wanapochezea akili za watu.

MPAKA WA TATU: RUNGU

Machi 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu. Ulizungumzia utekaji, kubanwa kwa uhuru na haja ya Katiba mpya. Haukutaja mgombea. Kilichofuata ni barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, Ofisi ya Msajili wa Jumuiya, ikilitaka kanisa liukane waraka wake ndani ya siku 10. Barua ilipovuja na watu kuja juu, waziri mwenyewe akaikana barua ya wizara yake. Kanisa liliambiwa liukane waraka wake, mwisho wizara ndiyo ikaikana barua yake.

Halafu mtazameni Askofu Josephat Gwajima. Mwaka 2020 aligombea ubunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala, akatangazwa mshindi. Askofu mwenye kanisa kubwa, jina lake kwenye karatasi ya kura. Msajili hakuandika barua. Hakuna aliyeuliza kama dini na siasa vinachanganywa. Mwaka 2025, akiwa bado mbunge wa chama hicho hicho, alisimama akalaani utekaji wa watu. Tarehe 2 Juni 2025 kanisa lake likafutiwa usajili, kwa maelezo kwamba mahubiri yake ni ya kisiasa na yanawachonganisha wananchi na serikali. Novemba mwaka huo, uchaguzi ulipokwisha, serikali ikatangaza kulifungulia.

Simtetei Gwajima kwa siasa zake, hilo ni lake na wapiga kura wake. Nawauliza jambo moja tu. Kama kosa ni kuchanganya dini na siasa, lilifanyika lini? Mwaka 2020 alipoomba kura, au mwaka 2025 alipouliza watu wako wapi? Mtu aliyetumia kichwa chake sawasawa ataona kwamba kilichoadhibiwa si kuchanganya. Kilichoadhibiwa ni kukosoa.

Na waumini? Wale wasiokuwa na ubunge wala V8, waliokwenda Jumapili wakakuta polisi, wao walivunja kifungu gani? Sheria ya Wamarekani, pamoja na udhaifu wake, inamwambia mwenye kanisa: lipa kodi. Ya kwetu inamfungia muumini mlango. Adhabu ya namna hiyo haina uhusiano na uchaguzi wa haki. Ni rungu.

Ndiyo maana nasema mlinzi wa mpaka huu asiwe Msajili anayemtazama waziri usoni kabla ya kushika kalamu. Awe jaji, mahakamani, kwa kesi ya wazi, baada ya ushahidi, kama ilivyokuwa Galway na Tower Hamlets. Na anayeadhibiwa awe mgombea aliyefaidika, apoteze kiti. Kanisa libaki na waumini wake.

NA SISI JE?

Sasa nakuja penye mwiba. Mnapiga makofi, lakini makofi ya hapo mwanzo ni rahisi. Je, mchungaji akisimama kesho akasema malaika wamemwambia upinzani unashinda, mtamkemea au mtamwagia video yake kwenye simu za nchi nzima?

Nawajua. Mtaimwaga.

Kumbukeni basi yaliyotupata wapinzani wa nchi hii. Kuanzia miaka ya 1990 CUF ilipakwa tope kwamba ni chama cha Waislamu. Mwaka 2010 CHADEMA ilipomsimamisha Dk. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri na katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, maneno yakageuzwa: sasa ni chama cha Wakristo. Tope ni lile lile, linabadilishiwa ndoo tu. Kila mara tunapomruhusu kiongozi wa dini atubariki kama chama, tunawachotea maji ya kukorogea tope hilo. Unampata muumini mmoja wa kanisa lile, unampoteza jirani yake wa msikiti ule, na mtaa mliokuwa mnakopeshana chumvi unagawanyika kwa ajili ya kiti cha mtu.

Isitoshe, mimbari inayokuuza leo itakununua kesho. Mchungaji aliyekupa waumini wake elfu moja kwa neno moja anaweza kumpa mwenzako waumini hao hao kwa neno moja, hasa mwenzako akiwa na gari la saruji. Sheria tunayoidai lazima itubane na sisi. Mtu anayetaka refa apulize filimbi upande mmoja tu wa uwanja hataki refa, anataka mchezaji wa kumi na mbili.

KIJANA UFANYE NINI

Naona muda unanitazama, nimalize kwa mambo ya kufanya. Jumapili au Ijumaa ukisikia siasa kwenye mahubiri, usivute kiti ukatoka, na usiseme amina kwa mazoea. Jiulize maswali matatu.

La kwanza: ametaja jambo au ametaja jina? Akisema wizi wa fedha za umma ni dhambi, msikilize. Akisema fulani peke yake ndiye chaguo la Mungu, muulize baada ya ibada, kwa adabu, Baba Mchungaji, Mungu amejiandikisha kituo gani?

La pili: amekupa sababu au amekupa vitisho? Sababu unaweza kwenda nazo nyumbani ukazipima na mkeo, na rafiki zako, na wa dini nyingine. Vitisho havipimiki. Ukitishwa laana kwa ajili ya kura, andika tarehe, andika mahali, tafuta wawili watatu waliosikia. Kesi za Ireland hazikushindwa kwa hasira, zilishindwa kwa mashahidi.

La tatu: nani kalipa? Uliza katika mkutano wa kanisa au wa msikiti, kama mwanachama mwenye haki: huyu mgeni rasmi katoa kiasi gani, na alipewa nafasi ya kusema kabla ya kutoa au baada? Kama kwaya yenu imepewa spika mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, imbeni, lakini mjue wimbo huo una mwenyewe.

Na siku ya siku, ndugu yangu, ukiingia kwenye kile kijumba cha turubai uko wewe na kalamu. Hakuna askofu, hakuna mjumbe wa nyumba kumi, hakuna mimi. Dhamiri iliyofundishwa vizuri na dini yako itakusaidia sana humo ndani, na hiyo ndiyo kazi halali ya mimbari: kuifundisha dhamiri, halafu kuiacha iende peke yake.

Nimesema. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge, hapa hakuna Msajili.